Simu Inapolia: Tupime Sauti Inayotuita



Somo hili ni la kila mtu mwenye simu, na vilevile la yule asiye na simu anayeazima ya jirani. Tunaomba lisomwe katika makundi ya mama, ya vijana na katika kwaya. Halafu lisomwe tena nyumbani mbele ya watoto na mbele ya babu na bibi, kwa maana wadanganyifu wanawatafuta sana hao. Tulisome polepole.

1. MAMBO MAWILI YALIYOTOKEA KATI YETU

Mnakumbuka namna mwaka 2025 ulivyoanza. Mwisho wa Januari vita iliingia Goma, na katika Februari ikaingia Bukavu. Kule Goma umeme na maji vikakatika, na watu wakakimbia kila upande. Jamaa nyingi za kanisa huku Lubumbashi zina watoto, ndugu na wakwe kule Kivu. Siku zile simu haikuwa tena kitu cha masolo. Ilikuwa kamba moja tu iliyobaki kati ya mama na mtoto wake.

Jambo la kwanza. Mama mmoja wa kwaya alipigiwa saa tatu ya asubuhi na namba asiyoijua. Akasikia kijana analia: "Mama, ni mimi! Mama, wamenishika!" Sauti ilikuwa inakatika-katika. Mama akaita jina la mwana wake: "Ni wewe, fulani?" Kijana akajibu: "Ndiyo mama, ni mimi." Angalieni vizuri hapo. Kijana hakutaja jina lake. Mama ndiye aliyempa. Halafu mtu mwingine akashika simu, mwenye sauti nzito, akasema: "Mama, tuma dola 150 mbele ya nusu saa. Usikate simu. Usiambie mtu. Ukisema na mtu, mtoto utamkuta maiti." Sasa, mama huyo ndiye mshika-feza wa kwaya. Katika sanduku lake kulikuwa feza ya vitenge vya sikukuu. Akaichukua, akakimbia kwa ajenti, akatuma yote. Magaribi mwana wake akapiga kwa simu ya rafiki. Alikuwa mzima. Hakushikwa na mtu, hakujua kitu.

Jambo la pili. Baba mmoja, shemasi, alikuwa amesikia habari za wadanganyifu wa namna hiyo, akaapa: "Namba nisiyoijua sitaijibu tena." Katika siku zilezile simu yake ikalia mara tatu. Mara ya kwanza akakata. Mara ya pili akashika, akasikia mwanamke anasema, "Mjomba, ni mimi." Akamtukana na kukata. Mara ya tatu akazima simu kabisa. Kumbe alikuwa binti wa dada yake. Alikuwa amekimbia na mtoto mgongoni, simu yake ikaibiwa njiani, akaazima simu ya dereva wa lori. Alilala nje usiku mbili, mvua inanyesha, mbele ya kumpata mtu mwingine wa jamaa.

Mama alimwamini mwongo. Baba alimfukuza mwenye shida ya kweli. Hatutaki kuwahukumu. Wote wawili ni wapendwa wetu, na wote wawili wametupa ruhusa ya kuandika haya bila majina, kusudi wengine wajifunze. Lakini tujiulize: tufanye namna gani ili tusimpe mwongo mali yetu, na wakati uleule tusimfungie mlango mtu anayeteseka? Ulizo hilo ndilo somo letu lote.

2. ISAKA NA WAGIBEONI

Katika Mwanzo sura ya 27 tunasoma habari za mzee Isaka, ambaye macho yake yalikuwa yameingia giza. Yakobo alimkaribia na kujiita Esau. Isaka akashangaa, kwa maana sikio lake lilimwambia kwamba hiyo ni sauti ya mtoto mwingine. Akauliza, akashika mikono, akanusa mavazi, akala chakula. Kila alama ilikuwa imetengenezwa mbele. Ngozi za mbuzi zilifungwa mikononi kusudi zimdanganye. Mzee alikuwa na mashaka ya kweli moyoni, lakini hakuyafuata mpaka mwisho. Hakusema, "Tungoje kwanza, Esau atakaporudi kutoka mawindo tutaonana wote watatu." Alibariki, na kisha akatetemeka.

Isaka alikuwa na mkono wa kushika, harufu ya kunusa na chakula cha kuonja, na hata hivyo alidanganywa. Sisi katika simu tuna nini? Sauti tu. Na hata sauti siku hizi si alama ya kutosha. Mwaka 2019 huko Uingereza, mkubwa wa kampuni moja ya umeme alipigiwa na mtu mwenye sauti kama ya bosi wake wa Ujerumani, matamshi yote ni yaleyale. Akatuma euro 220 000. Haikuwa sauti ya bosi. Ilikuwa imetengenezwa na mashine ya kompyuta. Leo mashine kama hizo zimekuwa rahisi. Sauti fupi tuliyotuma katika kikundi cha WhatsApp inaweza kutosha kwa kuiga namna tunavyosema.

Yoshua sura ya 9 inatupa fundisho la pili. Wagibeoni walikuja na mkate mkavu wenye ukungu, viatu vilivyoshonwa-shonwa na mifuko ya mvinyo iliyopasuka, wakasema wametoka inchi ya mbali sana. Viongozi wa Israeli waliangalia mkate, wakaamini, wakafanya agano bila kuuliza shauri kwa Bwana. Nyuma ya siku tatu wakajua kwamba watu hao ni jirani zao. Siku tatu tu! Kama wangengoja siku tatu, uwongo ungejifunua wenyewe. Ndiyo maana mdanganyifu wa simu hakupi siku tatu, hata saa moja hakupi. Anajua kwamba ukipata nafasi ya kutulia, kazi yake imekufa.

3. NAMNA WADANGANYIFU WANAVYOFANYA KAZI

Tangu mwaka 2012, M-Pesa ilipoingia Kongo, na huduma nyingine kama Airtel Money na Orange Money, watu wengi wanaweka feza yao ndani ya simu. Ni baraka kubwa. Mfanyakazi wa Kolwezi anasaidia mama yake kijijini bila kusafiri. Lakini mahali feza ilipo, mwizi naye anapatafuta. Basi tujue njia zake.

(a) "Feza imekuja kwako kwa makosa." Unapata ujumbe kwamba umepokea dola 50. Mara moja mtu anapiga, analia, anasema alikosea namba, feza ni ya dawa ya mgonjwa, umrudishie. Wewe mtu wa huruma unatuma. Lakini ujumbe ule aliuandika yeye mwenyewe. Hakuna kitu kilichoingia. Dawa yake: usisome ujumbe, angalia salio lako mwenyewe ndani ya simu. Na hata kama feza imeingia kweli, usiitume kwa namba anayokupa. Mwambie aende kwa kampuni yake. Kampuni ndiyo inayorudisha kwa njia ya haki.

(b) "Mimi ni wa kampuni ya simu, konti yako itafungwa." Anakuomba namba yako ya siri, ama kode iliyofika sasa hivi kwa ujumbe. Jueni neno hili na mlifundishe: mtumishi wa kweli wa kampuni hahitaji namba yako ya siri. Namba ya siri ni kama ufunguo wa nyumba. Fundi anayejenga ukuta hakuombi ufunguo wa chumba unamolala.

(c) "Bonyeza nyota, halafu namba hizi, halafu kikapu." Mara nyingine maneno hayo yanageuza simu zako zote ziende kwa mwizi, pamoja na zile zinazoleta kode zako. Usibonyeze kitu ambacho mtu usiyemjua anakusomea. Ukiisha kubonyeza, katika simu nyingi andika ##002# na kupiga: hiyo inaondoa mageuzo yote. Ukitaka kuangalia tu kama simu zako zimegeuzwa, andika *#21#.

(d) Kode ya WhatsApp. Mtu wa kikundi chako anakuandikia: "Nimetuma kode ya namba sita kwako kwa makosa, nitumie." Huyo si ndugu yako. Ni mwizi aliyekwisha kuiba WhatsApp ya ndugu yako, na sasa anataka yako. Ukimpa kode, ataingia kwa jina lako na kuomba feza kwa kwaya nzima. Katika mipango ya WhatsApp kuna ulinzi wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya pili. Vijana, wawekeeni wazazi wenu ulinzi huo juma hili.

(e) Simu inayolia mara moja na kukatika. Sisi Wakongo tumezoea kubipa. Mtu hana unite, anakubipa, wewe unampigia. Wadanganyifu wanajua desturi kama hiyo. Wanabipa watu maelfu kwa namba za inchi za mbali. Ukipiga, unite zako zinakwisha upesi kwa sababu namba hiyo ni ya bei kubwa, na sehemu ya bei inarudi kwao. Huko Ujapani waliita jambo hilo "wangiri", maana yake kulia mara moja na kukata. Namba za Kongo zinaanza na +243. Ukibipwa na mwanzo mwingine na huna ndugu katika inchi hiyo, uache. Ndugu wa kweli atarudi, ama ataandika.

(f) Kazi ya mine. "Dosie yako imekubaliwa Kolwezi, tuma dola 30 za daktari na za kitambulisho." Vijana wetu wengi wameliwa hivi. Kazi ya kweli inakulipa. Haikuombi wewe ulipe kwa simu ya mtu.

(g) Mtandao kupotea kwa ghafula. Ikiwa simu yako imekosa mtandao saa nyingi lakini za jirani wa mtandao uleule zinafanya kazi, inawezekana mtu amechukua namba yako katika karti nyingine. Usingoje kesho. Nenda siku hiyohiyo kwa ofisi ya kampuni na kitambulisho chako.

Tena, msitegemee namba inayoonekana katika kioo. Kuna njia za kufanya namba isiyo ya kweli ionekane. Namba unayoiona ni kama mavazi ya Esau juu ya mwili wa Yakobo.

4. "NABII AMEONA JAMBO JUU YAKO"

Hapa tunagusa nyumba yetu wenyewe, na tunasema wazi. Sisi tunaamini kwamba Mungu anasema na watu wake. Mwizi anajua kwamba tunaamini hivyo. Kwa hiyo anapiga: "Mimi ni mtumishi wa Mungu. Usiku nimeona jeneza mbele ya nyumba yako. Tuma sadaka ya mafuta mbele ya saa sita, bila hivyo mtoto wa pili anakwenda." Mama gani hatatetemeka?

Fungueni 1 Wafalme sura ya 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alipewa agizo la wazi: asile, asinywe, wala asirudi kwa njia aliyokuja nayo. Mfalme alipomkaribisha, alikataa. Lakini nabii mzee wa Beteli alimfuata na kusema kwamba yeye vilevile ni nabii, na kwamba malaika amesema naye. Alikuwa anasema uwongo. Mtu wa Mungu akarudi, akala, na simba akamuua njiani. Tazameni: mfalme mwenye nguvu hakuweza kumgeuza, lakini neno "mimi pia ni nabii" lilimgeuza. Mdanganyifu akikuta mlango mmoja umefungwa, anatafuta mlango wa imani yako.

Tupime namna gani? Kwanza, neno la kweli linaweza kusemwa mbele ya wazee; halikimbii mwanga. Mtu akikuambia "usiambie mchungaji wako", umekwisha kumjua. Pili, maono hayana bei. Mtume Yohana katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anatuagiza kuzijaribu roho. Kujaribu si kukosa imani, ni utii. Tatu, sadaka yetu tunaitoa kanisani, mbele ya ndugu, na inaandikwa katika kitabu. Mtu akikupigia kwa jina la mchungaji na kuomba feza itumwe kwa namba mpya, mwambie, "Asante, nitakuja kumwona mchungaji mwenyewe." Na ninyi wachungaji na wazee, msikasirike muumini akiwapima hivyo. Msifuni.

5. JE, SIMU INAWEZA KUUA?

Ndugu wengine wametuuliza kama kuna namba ambayo ukiijibu unakufa. Habari hizo si mpya. Mwaka 2004 huko Nigeria ilienea habari ya namba zinazoua. Watu wakaogopa kujibu simu, hata makampuni ya simu yakalazimika kutoa tangazo kwamba ni uwongo. Tangu hapo habari ya namna hiyo imerudi mara nyingi katika inchi mbalimbali, namba zikibadilishwa tu.

Sauti ya simu inasafiri kama alama za umeme, na simu yako inazigeuza kuwa sauti tena. Haileti damu wala sumu. Lakini woga unaweza kuua kwa njia nyingine: mgonjwa anakosa kuitwa, mtu anaanza kumshitaki jirani yake kwa uchawi sababu ya namba tu. Anayekutumia habari hizo akikuambia "tuma kwa watu kumi", usiitume hata kwa mmoja. Ukomee kwako.

Na tuseme neno kwa vijana. Wengine kati yenu wanapigia watu usiku kwa mchezo, wanageuza sauti, wanatangaza kifo cha mtu aliye mzima, halafu wanacheka. Methali sura ya 26 inamfananisha mtu anayemdanganya jirani na kusema alikuwa anacheza, na mwenda wazimu anayetupa moto na mishale. Mama mwenye ugonjwa wa moyo hajui kama ni mchezo. Na siku utakapopiga kwa shida ya kweli, nani atakuamini?

6. PETRO MLANGONI

Basi, je, tufanye kama yule shemasi, tusijibu tena? Hapana. Katika Matendo sura ya 12, Petro alitolewa gerezani usiku, akaja kugonga nyumba ambamo watu walikuwa wanaomba kwa ajili yake. Msichana Roda akatambua sauti yake, lakini kwa furaha akaacha kufungua, akakimbia ndani. Wenye kuomba wakamwambia ana wazimu. Walikuwa wanaomba Petro aokolewe, na Petro aliyeokolewa alikuwa nje anagonga! Akaendelea kugonga mpaka wakafungua.

Binti wa dada wa shemasi wetu alikuwa kama Petro. Mtu aliyekimbia vita hapigi kwa namba yake. Anapiga kwa simu ya dereva, ya askari, ya mtu asiyemjua, na ana dakika moja tu. Vilevile ilikuwa Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka na watoto wengi wa Goma wakapotezana na wazazi wao njiani. Katika wakati kama huo namba usiyoijua inaweza kuwa ndiyo ya ndugu yako. Kwa hiyo tusifunge sikio. Tujibu, halafu tupime. Mlango wenye komeo si sawa na ukuta.

7. MAMBO SITA YA KUFANYA

Kwanza, usitaje jina. Akisema "ni mimi", uliza: "Wewe nani?" na unyamaze. Mwache yeye aseme. Mwanao anajua jina lake.

Pili, muwe na neno la nyumba. Kila jamaa ichague neno moja ambalo hakuna mtu wa nje analijua: jina la mbuzi wa babu, ama kitu mlichocheka pamoja. Lisiandikwe katika simu. Katika Waamuzi sura ya 12 neno "Shibolethi" lilitumiwa kwenye vivuko vya Yordani kwa kuchagua nani auawe. Sisi katika inchi yetu tumeona watu wakipimwa kwa lugha yao vizuizini, na tunajua uchungu wake. Neno letu la nyumba liwe kinyume chake: neno la kufungulia mlango, la kuokoa wa kwetu. Kama hamjachagua neno, uliza jambo ambalo mgeni hawezi kujua: "Siku ya ubatizo wako tulikula kwa nani?"

Tatu, kata, kisha wewe mwenyewe upige. Piga namba ya zamani ya mtoto. Ikikosa, piga ya rafiki yake, ya mwenye nyumba, ya mchungaji wa kule. Akikukataza kukata simu, hiyo yenyewe ni alama ya uwongo.

Nne, mtafute mtu wa pili. Kumbukumbu la Torati sura ya 19 inataka neno lithibitishwe na mashahidi wawili ao watatu. Mbele ya kutuma hata franka moja kwa sababu ya simu ya kushitusha, mwambie mtu mmoja: mume, mke, jirani, mzee wa kanisa. Ndiyo maana mwizi anasema "usiambie mtu". Anaogopa shahidi wa pili kuliko polisi.

Tano, usikubali kusukumwa. Nehemia sura ya 6: Sanbalati alimwita mara nne, Nehemia akajibu mara nne kwa neno lilelile: ana kazi kubwa, hawezi kushuka. Hakubishana, hakutukana. Nawe useme neno moja kwa upole, uweke simu chini, urudi kwa kazi yako.

Sita, feza ya watu isikae na mtu mmoja. Hili ni agizo kwa kwaya na makundi yote: sanduku liwe na funguo mbili kwa watu wawili. Kama yule mama angehitaji ufunguo wa mwenzake, angelazimika kusema, na mwenzake angemuuliza maulizo mawili ya kutosha.

8. UKIISHA KUDANGANYWA

Pigia kampuni ya simu palepale, uombe wazuie feza. Mara nyingine mwizi hajaitoa bado. Badilisha namba ya siri. Usifute ujumbe wala namba, ni ushahidi. Nenda kwa polisi. Tangu tarehe 13 Machi 2023 inchi yetu ina sheria ya mambo ya dijitali, namba 23/010, na udanganyifu wa namna hii ni kosa, si mchezo. Kisha tangaza katika kikundi, kusudi asikule na mwingine.

Zaidi ya yote, usifiche. Yule mama alificha majuma matatu. Katika majuma hayo mwizi alimpigia tena mara mbili, akijua kwamba aibu imemfunga kinywa, na mara moja alimpata tena: dola 20. Siku aliyosimama mbele ya kwaya na kusema yote, alifikiri watamfukuza. Mwimbaji mmoja akainuka akasema, "Mimi nilitoa dola 40 kwa kazi ya mine, sikuambia hata mume wangu." Mwingine akainuka, na mwingine. Walikuwa wanne.

Feza haikurudi. Polisi walikuta namba ile imeandikwa kwa jina la mtu mwingine. Sikukuu ikafika na kwaya ikaimba na vitenge vya zamani, na mama yule aliimba katika mstari wa mbele. Shemasi naye alikwenda kumpokea binti wa dada yake kwenye lori, akamwomba msamaha mbele ya watu. Leo neno la nyumba yao ni la huyo binti. Yeye ndiye aliyelichagua.

Wapendwa, magaribi ya leo, mbele ya kulala, chagueni lenu.

MAULIZO YA KUZUNGUMZIA

1. Isaka alikuwa na mashaka. Kwa nini mashaka yake hayakumsaidia?
2. Kuna tofauti gani kati ya kupima neno la unabii na kulidharau?
3. Katika nyumba yako, nani anaweza kudanganywa upesi zaidi, na umemfundisha nini?
4. Kama mwanao angepiga leo kwa simu ya mtu usiyemjua, angekuambia neno gani ili umtambue?
5. Katika kundi letu, feza ya wote inashikwa na watu wangapi?